Lobola, roora, bogadi: maswali ya vijana wetu wanaooa kusini mwa Afrika

Naishi Johannesburg, mwaka wa 16 sasa. Mara nne nimebeba posa ya kijana wa kwetu: mara mbili Soweto, mara moja KwaMashu nje kidogo ya Durban, na mara moja kijijini karibu na Rusape, mashariki mwa Zimbabwe. Kila mara simu huanza wiki kadhaa kabla ya safari, na maswali ni yaleyale, awe kijana wa Mwanza, wa Mombasa au wa Lubumbashi. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Sikuzaliwa katika mila hizi. Nimefundishwa na wazee wa huku, na pale nilipokosea walinirekebisha.

Lobola ndiyo mahari?

Ndivyo tunavyoitafsiri, na hapo ndipo wengi wa Pwani wanapojikwaa. Mahari ya Kiislamu ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Yeye ndiye anayeitaja, na ikishatolewa ni mali yake, si ya baba wala mjomba. Lobola haiendi kwa binti. Inatoka nyumba ya kijana kwenda nyumba ya wazazi wa binti, na binti hapangi kiasi. Kijana mmoja wa Tanga alimwuliza mchumba wake wa Kizulu, kwa nia njema kabisa, "Wewe unataka mahari gani?" Binti aliumia, akaona kana kwamba anaambiwa hana kwao. Ukitaka mfano wa karibu, tazama ng'ombe wa Wasukuma na Wakurya, au ruracio ya Wakikuyu.

Majina ni mengi. Wazulu na Waxhosa husema ilobolo, Waswazi emalobolo, Watswana bogadi, Wasotho bohali, Wapedi magadi, Washona roora, na Watsonga wa kusini mwa Msumbiji lobolo. Kwa Washona kuroora ni kuoa na kuroorwa ni kuolewa, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo.

Huku si kumnunua mwanamke?

Swali hili lina umri zaidi ya babu zetu. Wamisionari wa karne ya 19 waliliuliza, wakajijibu kwamba ni biashara, wakawakataza waumini wao. Khama wa Tatu, mfalme Mkristo wa Wangwato katika Botswana ya leo, aliipiga marufuku bogadi katika nchi yake.

Mimi nikiwa nimekaa kwenye vikao vile naona jambo jingine. Kitu kikishauzwa, muuzaji hana neno tena juu yake. Binti aliyelobolewa hatoki kwao kwa namna hiyo. Mwanamke wa Kizulu hubaki na ukoo wa baba yake, na ukweni humwita kwa ukoo huo huo: MaKhumalo, MaDlamini, hadi uzeeni. Mke wa Kishona hubaki na mutupo wake, yaani mnyama wa ukoo wa baba yake, na hachukui wa mumewe. Akiteswa ana pa kurudi, na waliopokea ng'ombe wanawajibika kumfungulia mlango na kumwita mkwe aje ajieleze.

Ng'ombe wenyewe pia hawakuwa wa kuchinjwa na kuliwa. Walioingia kwa dada ndio waliotoka kwa ajili ya kaka kupata mke. Kwa Walovedu wa Limpopo, watu wa malkia wa mvua Modjadji, jambo hili lilikwenda mbali sana: dada ana "mlango" wake katika nyumba ya kaka iliyojengwa kwa ng'ombe wake, anasikilizwa humo, na anaweza kudai binti wa nyumba hiyo aje kuwa mke wa mwanawe. Sijui biashara ya namna hiyo popote.

Lakini sitaficha. Nimemsikia mwanamume akimwambia mkewe mbele yetu, "Mimi nimekulipia wewe." Nimewaona akina mama waliobaki kwenye ndoa za vipigo kwa sababu baba alikwisha kuuza wale ng'ombe na hana cha kurudisha. Wanawake wa huku wanaoipinga lobola hawajachanganyikiwa na Uzungu. Wanazungumza waliyoyaona. Ninachowaambia vijana wangu ni hiki: siku utakayomwambia mkeo umemlipia, ujue umewatukana wazee wote waliokaa kwenye kikao chako, wa kwao na wa kwenu.

Ng'ombe wangapi?

Kwa Wazulu utasikia 11: kumi wa baba na mmoja wa mama. Watu huzungumza kana kwamba idadi hiyo imetoka kwa mababu, kumbe imetoka ofisini. Mwaka 1869 Theophilus Shepstone, aliyesimamia mambo ya Waafrika katika koloni la Natal, aliweka kikomo cha ng'ombe kumi kwa binti wa mtu wa kawaida, na zaidi kwa mabinti wa machifu. Kabla ya hapo hapakuwa na idadi maalumu. Mtu alitoa alichonacho, na kingine kikafuata miaka ikipita. Alichokusudia kiwe kikomo, watu wakakifanya kiwango, na mpaka leo kinatajwa vikaoni.

Lesotho idadi ya jadi ni ng'ombe 20, kondoo au mbuzi 10, na farasi mmoja. Botswana nane ni idadi inayosikika sana. Hizi ni namba za kuanzia mazungumzo tu.

Jambo la kulielewa mapema ni kwamba "ng'ombe" wa kikaoni mara nyingi si mnyama. Ni kipimo. Wazee hukubaliana kwanza kila ng'ombe ahesabiwe kwa randi ngapi, kisha ndipo idadi inajadiliwa. Soweto, kikao changu cha kwanza, ng'ombe alikubaliwa kuwa randi 4,000, wakati mnadani usingempata kwa bei hiyo. Wakisema 12 usishtuke kabla hujajua kila mmoja ana thamani gani.

Kwa nini basi siku hizi ni fedha?

Ng'ombe walikufa, na vijana wakaenda migodini. Mwaka 1896 sotoka, ugonjwa uleule uliokwisha kufagia maboma ya Wamasai miaka michache nyuma, ulivuka Mto Zambezi ukielekea kusini, na katika muda wa miaka miwili hivi maeneo makubwa yakabaki bila mifugo. Watu wakaendelea kuoana. Palipokuwa na ng'ombe pakaingia majembe, pauni, na ahadi. Kusini mwa Msumbiji majembe ya chuma yalikuwa tayari yanatumika kabla ya hapo, kisha zikaja pauni za dhahabu kutoka Johannesburg.

Mgodi ulibadilisha zaidi ya bei. Zamani kijana hakuwa na ng'ombe wake. Alitegemea zizi la baba, kwa hiyo baba ndiye aliyemwozesha. Kimberley ilipoanza kutoa almasi, na baadaye Witwatersrand dhahabu mwaka 1886, kijana alirudi nyumbani na mshahara wake mfukoni, na wazee wa kikeni wakajua anao. Tangu hapo mzigo wa lobola umehama kutoka kwenye ukoo na kumwelemea mtu mmoja. Lawama nyingi ninazozisikia leo juu ya lobola, kwa maoni yangu, zimetokana na kuhama huku kuliko mila yenyewe.

Naruhusiwa kwenda mwenyewe?

Hapana. Hata ukiwa na miaka 45 na nyumba yako mwenyewe, hujipeleki.

Kwa Wazulu kwanza huandikwa barua. Wazee wako wanawaandikia wazee wa binti, wanajitambulisha na kuomba siku ya kufika. Wanaokwenda ni abakhongi, washenga. Kwa kawaida ni wanaume watatu au wanne wenye umri na maneno, wajomba au kaka wa baba, na sehemu nyingine huongozana na shangazi. Chagua mtu mtulivu. Mshenga mwenye hasira amewahi kuvunja posa iliyokuwa imeiva.

KwaMashu tulifika saa 12 asubuhi, ubaridi wa Juni, tukasimama nje ya geti. Mkubwa wetu, jirani wa Kizulu tuliyemwomba atuongoze, akaanza kuita majina ya sifa ya ukoo wa wenye nyumba, izithakazelo, moja baada ya jingine, sauti ikipanda. Hakuna aliyetoka. Pazia lilisogea kidogo, likarudi. Akaita tena. Tulikaa pale karibu dakika 40, mimi vidole vimekufa ganzi, hadi kijana mmoja akaja kutuuliza tumepotelea wapi. Msikasirike mkifanyiwa hivyo. Wanapima kama mnamtaka binti kweli.

Ndani, kabla mtu wa nyumba ile hajafungua kinywa, unatoa imvulamlomo, kifungua mdomo. Washona wana neno lenye maana ileile, vhuramuromo. Ukimaliza hilo ndipo mnaulizwa mmekuja kutafuta nini, na binti anaitwa athibitishe kwamba anawafahamu.

Mavazi: koti kwa wanaume hata kama kuna joto, sketi ndefu na kitambaa cha kichwa kwa wanawake. Simu mzime.

Orodha ya Washona ni ndefu kweli?

Ni ndefu, na ina mpangilio. Msemaji wako kule anaitwa munyai. Anaingia akiwa amejishusha, anakaa chini, anapiga makofi ya heshima kila anapotaka kusema, na kila malipo huwekwa kwenye ndiro, sahani ya mti. Akikosea anatozwa faini ndogo, na hizo faini mzipangie fungu lake.

Baada ya vhuramuromo yanakuja malipo ya wazazi. Matekenyandebvu ni ya baba, kwa kuwa mtoto alimchezea ndevu. Mapfukudzadumbu ni ya mama, kwa tumbo lililomfunika binti kabla hajazaliwa. Mtu wa Pwani akisikia hayo anakumbuka mkaja wa mama mara moja. Kisha rusambo, ambayo ndiyo fedha kubwa, halafu danga, ng'ombe wa zizi. Pembeni kuna mbatya, mavazi ya wakwe: suti, viatu na kofia ya baba, gauni, blanketi na viatu vya mama. Uliza saizi mapema. Kuna pia bidhaa za nyumbani, yaani sukari, unga, mafuta ya kupikia, sabuni, na orodha hiyo hutolewa na familia yenyewe. Ya Rusape ilikuwa imechapwa kwenye kompyuta, kurasa mbili.

Mkiona kitu hamkielewi, ulizeni kwa adabu kinaitwaje na ni cha nani. Cha jadi kitapewa maelezo bila kusita. Kilichobuniwa wiki iliyopita na binamu mwenye tamaa kitaleta kigugumizi.

Ng'ombe wa mama ni lazima awe hai?

Hapa naomba usikilize kuliko mahali pengine pote. Kwa Washona anaitwa mombe yeumai, ng'ombe wa umama. Si fedha. Ni mtamba, ng'ombe jike anayeweza kuzaa, na anatembea kwa miguu yake hadi kwa mama. Baba hana mamlaka juu yake. Ndama wake ni wa mama. Nyuma yake wapo wazee wa upande wa mama waliokwisha kufa, na imani ni kwamba wakinyimwa, shida huja kwa watoto wa ndoa hiyo. Danga mnaweza kulikalia na deni miaka mingi. Huyu usimcheleweshe.

Wazulu wanaye wao, ingquthu, yule wa kumi na moja. Waswazi wanaye insulamnyembeti, na maana ya jina hilo ni "kifuta machozi".

Yule wa Rusape tulimnunua kijiji cha pili, mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni. Munyai alimkagua kama anayenunua kwa ajili yake mwenyewe: meno, macho, chuchu, mwendo. Tukamswaga kilomita sita asubuhi, kijana wetu wa Mwanza akiwa nyuma na fimbo, kazi aliyoizoea tangu utoto wake Usukumani. Wenyeji walifurahi kumwona mkwe mgeni anajua kuswaga. Mama mkwe alitoka jikoni akiwa na unga mikononi. Hakusema kitu. Alimzunguka yule mtamba polepole, akamwekea kiganja mgongoni, kikaacha alama nyeupe ya unga juu ya manyoya mekundu, kisha akapiga vigelegele ambavyo vilijibiwa kutoka nyumba tatu. Rusambo lilikuwa limelipwa miezi miwili kabla, noti zikahesabiwa na kufungwa kwenye bahasha, na hakuna aliyepiga kigelegele siku ile.

Ndiyo maana vijana wakiniambia "si tutume tu fedha yake kwa simu," huwa nakataa kabla hawajamaliza.

Nina fedha zote. Nimalize siku hiyohiyo?

Kwa Washona, hapana. Wana msemo: mukuwasha muonde, hauperi kudyiwa. Mkwe ni mkuyu, matunda yake hayaishi kuliwa. Anayemaliza kila kitu siku moja anaonekana anataka kukata mguu ukweni. Bakiza kitu, hata kidogo, na urudi kukileta. Kwa Wazulu pia deni dogo halimtii mtu aibu. Lakini kubakiza kwa heshima si sawa na kuahidi usichonacho. Sema ukweli wa mfuko wako kikaoni, kupitia kwa mshenga. Nimeona wazee wakishusha kwa hiari yao mbele ya kijana mkweli.

Na tafadhali, usikope benki kwa ajili ya lobola.

Tayari tuna mtoto. Itakuwaje?

Kuna malipo ya peke yake, Wazulu huyaita inhlawulo. Ni fidia kwa familia ya binti kwa mimba ya nje ya ndoa, na hayahesabiwi ndani ya lobola. Hutangulia. Kwa mila, bila hayo mtoto ni wa ukoo wa mama. Sheria ya watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2005 nayo inayataja: baba ambaye hajamwoa mama wa mtoto, akitoa fidia ya kimila, hilo ni moja ya mambo yanayoangaliwa katika kumtambua kuwa na haki na wajibu wa mzazi. Kwa hiyo chukua stakabadhi.

Nikishatoa lobola, nimeoa kisheria?

Afrika Kusini, huenda ndiyo, na wengi hawalijui hilo mpaka siku ya msiba au ya talaka.

Sheria ya Kutambua Ndoa za Kimila, namba 120 ya mwaka 1998, ilianza kutumika tarehe 15 Novemba 2000. Inataka mambo matatu: wote wawili wawe wametimiza miaka 18, wote wakubali kuoana kimila, na ndoa ijadiliwe na ifungwe au isherehekewe kwa kufuata mila. Ndoa inatakiwa kuandikishwa katika Idara ya Mambo ya Ndani ndani ya miezi mitatu, lakini kutoandikishwa hakuibatilishi. Na kama ni mke mmoja na hamkuandikiana mkataba wa mali kabla, mali zenu zote zimekuwa moja, nusu kwa nusu.

Kesi iliyowaamsha wengi ni ya mwanamuziki wa rap Jabulani Tsambo, aliyejulikana kama HHP. Mwaka 2016 wajumbe wake walikubaliana lobola ya randi 45,000 na familia ya Lerato Sengadi, sehemu ikalipwa, nyingine ikabaki. Siku hiyohiyo mashangazi wa kiumeni walimvika binti vazi lililofanana na la HHP na kumpokea kama bibi harusi. HHP alipofariki Oktoba 2018, baba yake alisema ndoa haikuwapo kwa kuwa binti hakuwahi kukabidhiwa rasmi ukweni. Mahakama ikamtambua Sengadi kuwa mke, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo: mila hubadilika, na kukabidhiwa bibi harusi peke yake hakuwezi kuwa kigezo cha kumnyima mtu ndoa yake.

Kwa hiyo kama mnataka kila mtu abaki na mali yake, mwanasheria mwoneni kabla ya siku ya lobola, si kabla ya siku ya ukumbi. Na kwako wewe mgeni: usitegemee barua ya lobola peke yake kwa mambo ya uhamiaji. Vijana wote wanne niliowasindikiza walifunga pia ndoa ya serikali baadaye.

Kama una mke nyumbani, mwambie kila mtu ukweli sasa. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua, katika kesi ya Mayelane, kwamba kwa ndoa za kimila za Watsonga mke wa kwanza lazima akubali kabla wa pili hajaolewa. Bila hilo ya pili ni batili.

Na Zimbabwe, Eswatini, Msumbiji?

Zimbabwe, sheria ya mwaka 1982 ilimpa mwanamke wa miaka 18 utu uzima kamili, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikatamka katika kesi ya Katekwe kwamba mwanamke wa umri huo anaweza kuolewa bila baba kudai roora, ingawa akipenda anaweza kumwachia baba aiombe. Karibu wote hupenda. Eswatini kinachomfanya mke kuwa mke ni kupakwa libovu, udongo mwekundu, alfajiri huko ukweni. Ng'ombe wanaweza kufuata baadaye. Msumbiji, baada ya uhuru wa 1975, FRELIMO, chama tawala, iliipiga vita lobolo kama unyonyaji wa mwanamke. Watu wakaendelea nayo kimyakimya, na sheria ya familia ya mwaka 2004 ikaja kutambua ndoa za jadi.

Watu wote wa kusini hufanya hivi?

La. Malawi ya kati na kusini, na sehemu kubwa ya Zambia, ukoo unafuata mama, na ng'ombe wengi hawana nafasi hapo. Kwa Wachewa jambo kubwa ni chinkhoswe, wajomba wa pande mbili kukutana na kubadilishana kuku, na kwa mila ya chikamwini mwanamume ndiye anayehamia kijijini kwa mke. Ukienda kuoa Lilongwe na hotuba ya ng'ombe 11, watakushangaa.

Ana shahada mbili. Ni kweli bei inapanda?

Utaambiwa "tumemsomesha". Nimeshalisikia hili Soweto na Zimbabwe, likisemwa na wazee ninaowaheshimu, na bado silikubali. Elimu ya binti ni ya binti, na matunda yake yataendelea kwenda kwa wazazi wake kila mwezi anapowatumia fedha. Shahada ikishahesabiwa kwa ng'ombe, yule asiyesoma amewekewa bei ya chini, na mwenye mtoto nje ya ndoa ya chini zaidi, na hapo lile neno la kununua linapata nguvu ambayo halikustahili. Lakini hili si la kubishania sebuleni kwa watu. Mshenga mzuri atamsifu binti, ataisifu elimu yake, kisha ataomba idadi ishuke kwa sababu nyingine.

Tukiachana narudishiwa?

Kwa mila za wengi hesabu hufanyika, na kila mtoto aliyezaliwa hupunguza cha kurudishwa. Mkiwa na watoto wanne, hakuna mzee atakayekusikiliza. Uganda, Mahakama ya Juu iliamua Agosti 2015, katika kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi la Tororo, kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, ingawa mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Mimi ningependa kusini nzima ifike hapo, kwa ajili ya yule mama anayeogopa kurudi kwao.

Mke akifariki kabla sijamaliza?

Kwa Washona, familia yake inaweza kukataa asizikwe mpaka ulipe. Ni jambo zito na linatokea: majadiliano ya roora yanafanyika wakati marehemu yuko chumba cha maiti, na mume hana nguvu ya kubishana. Kusini mwa Msumbiji pia kuna lobolo linalotolewa kwa mke aliyekwisha kufariki, ili watoto wawe na ukoo. Wengi wanaokumbwa na hili ni wale waliokaa pamoja miaka kumi bila hata kutuma barua. Tuma barua.

Wazazi wangu wako Kigoma na hawawezi kusafiri. Nani atanisimamia?

Tafuta mzee wa kwenu aliyeko hapa, hata kama si ndugu wa damu. Pale Yeoville, mtaa wa Johannesburg, na katikati ya Durban hukosi mzee Mkongomani au Mtanzania aliyekwisha kuozesha wanawe. Mwongezee mwenyeji anayejua lugha na izithakazelo. Barua iandikwe kwa jina la baba yako, si la wakala. Kila kilichokubaliwa kiandikwe siku hiyohiyo: idadi, thamani ya kila ng'ombe, kilicholipwa, kilichobaki, saini za pande mbili, nakala mbili.

Na wazazi wawepo kwa simu. KwaMashu, baada ya yote kukubaliwa, shangazi wa binti aliuliza kama aliyemzaa huyu kijana yuko hai. Tukapiga Kigoma, simu ikawekwa mezani sauti wazi, kati ya chupa za soda na ile barua. Mama hakujua Kizulu hata neno. Aliwaamkia kwa Kiswahili, akawashukuru, akasema kijana wao asipowaheshimu wamwite yeye. Mkalimani alitafsiri. Kisha akamwomba binti asogee karibu na simu, akamwita "mwanangu". Mkalimani alipotaka kutafsiri, shangazi alimzuia kwa mkono. "Umntanami," akasema mwenyewe, na akamsogezea binti kiti.